Pamba Masikioni

Nilipokuwa na miaka 15, mama alinisindikiza kwenye tamasha la muziki Kinondoni. Alijaza pamba masikioni, akasimama nami karibu kabisa na spika. Nikaona aibu mbele ya marafiki, nikamwambia aitoe. Akaitoa. Njiani akasema amefurahi sana.

Leo najua kuwa kwa desibeli 100, sikio lisilokingwa huanza kuwa hatarini baada ya dakika 15 hivi. Sisi tulikaa saa nne.

Je, aliniongopea? Kant, ninayemsoma muhula huu, mwaka 1797 alikataa uongo hata wa kumwokoa rafiki. Mimi siwezi kumhukumu mama. Huenda alifurahi kweli, ila si kwa muziki.

Juzi kwenye simu aliniomba nirudie sentensi mara tatu. Nikamwambia mtandao unasumbua.