Kumsemea Aliyeapa Kunyamaza

Mtu aliyeapa kuificha siri akafa nayo, je, wanaokuja baada ya miaka elfu na mia saba wana haki ya kuifukua? Wachimbuaji wa magofu hawapendi kuulizwa swali hili, wala si wa kulaumiwa. Kazi yao ni koleo na brashi. Lakini mahekalu ya Mithra hayamwachi mtu alikwepe.

Dini hiyo ilienea katika Dola ya Kirumi baina ya karne ya 1 na ya 4 Miladia, kuanzia Syria hadi mpaka wa kaskazini wa Uingereza. Wafuasi wake walikuwa wanaume: askari, watumwa walioachwa huru, wafanyabiashara, watu wa forodha. Kitabu hawakuacha. Walikutana katika chumba kidogo chenye giza, kilichofanywa mfano wa pango, na pande zake mbili zilikuwa na baraza za mawe za kuegemea wakati wa kula. Baraza ndilo neno lake hasa, na msomaji wa pwani hahitaji mchoro. Mwisho wa chumba alisimamishwa Mithra akimchinja fahali: joho lapepea, mbwa na nyoka waliandama jeraha, nge amemng'ang'ania mnyama chini ya tumbo, na ncha ya mkia imegeuka shuke la ngano. Maana ya yote hayo aliijua aliyeapa, naye hakusema.

Waliosema ni wapinzani. Justin, katika karne ya 2, aliandika kwamba mkate na kikombe cha watu hao ni uigaji wa mashetani. Jerome, mwanzoni mwa karne ya 5, alizitaja daraja zao saba, kuanzia Kunguru hadi Baba, katika barua iliyosifu kuvunjwa kwa pango lao mjini Roma. Lau ardhi isingechimbwa, hao ndio wangekuwa mashahidi pekee, na marehemu wangebaki wamehukumiwa bila ya kusikilizwa. Hii ni hoja nzito kwa upande wa koleo. Na uadilifu wataka isemwe pia kwamba Jerome hakuzua: sakafu ya hekalu la Felicissimus, katika bandari ya Ostia, ina alama za daraja hizo hizo saba, zimepangwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe.

Basi kuchimba si khiyana. Jiwe halikula kiapo. Khiyana, ikiwapo, huanza pale mchimbuaji asiporidhika na alichokishika mkononi, akamtilia marehemu maneno kinywani. Mbelgiji Franz Cumont, mwishoni mwa karne ya 19, alizikusanya sanamu na maandishi kwa bidii ambayo hakuna aliyemtangulia nayo, kisha akaziungia itikadi nzima kutoka Uajemi. Tatizo ni kwamba katika maandiko ya Kiajemi anayemuua fahali wa mwanzo wa dunia ni Ahriman, adui, wala si Mithra. Jengo la Cumont lilisimama zaidi ya nusu karne, hata wataalamu waliokutana Manchester mwaka 1971 wakaanza kulibomoa waziwazi.

Mfano wa Roma unachoma zaidi, hasa kwa mwenye kufasiri maneno ya wengine. Chini ya kanisa la Santa Prisca kuna hekalu ambalo picha zake zilikatwa kwa mashoka kabla halijafukiwa, na ukutani mna mistari iliyoandikwa kwa rangi. Mmoja ulisomwa kama tamko la waja waliookolewa kwa damu iliyomwagwa. Mstari huo ukazunguka dunia. Wengine waliushika kama ushahidi kwamba Ukristo uliiga, wengine kinyume chake. Silvio Panciera alipouchunguza ukuta upya katika miaka ya 1970, alikuta kwamba ni maneno machache tu yanayosomeka kwa yakini, na kuokolewa hakumo. Itikadi nzima ilikuwa imening'inizwa kwenye madoa ya rangi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na huenda vyombo ni mashahidi waaminifu kuliko kuta. Mwaka 1998, huko Tienen nchini Ubelgiji, mashimo kando ya hekalu yalitoa vyungu na mifupa ya karamu moja kubwa ya karne ya 3: kuku zaidi ya 200, wana-kondoo, wana-nguruwe, na umri wa wanyama hao ukaonyesha kwamba walichinjwa karibu na wakati ambapo mchana ni mrefu kupita siku zote. Chakula hicho kilikuwa cha watu wengi mno kutoshea katika chumba kile. Kwa hiyo majirani walialikwa, au angalau waliisikia harufu. Siri, kumbe, ilikuwa na mlango wa nyuma.

Mjini London, tarehe 18 Septemba 1954, kichwa cha Mithra cha marumaru kilipatikana chini ya sakafu ya hekalu la Walbrook, alikokizika mtu mnamo karne ya 4. Makumi ya maelfu ya watu walipanga foleni kutazama. Magofu yakahamishwa, mwaka 1962 yakasimamishwa upya pasipo pake, tena vibaya, na tangu 2017 yamerudi karibu na mahali pa asili, kiasi cha mita saba chini ya barabara. Ateremkaye hupokewa na giza na ukungu, na sauti za wanaume wakiimba Kilatini. Maneno ya wimbo yametolewa kwenye maandishi ya kuta za hekalu la Roma. Hilo lastahili kuruhusiwa. Lahani, mpandisho wa pumzi, kicheko cha aliyeketi mwisho wa baraza, vimetungwa na walio hai, na ingefaa mtu asimame mlangoni awaeleze wageni hivyo kabla taa hazijazimwa.