Msiite Ardhi ya Watu Tupu

Wanangu, nimechoka kusema, lakini hili nitalisema tena, kwa sababu nawasikia mkilirudia kila mnapokusanyika hapa Elgon View, Eldoret. Mmefungua simu, mna orodha ya nchi na visiwa vya dunia vilivyopangwa kwa idadi ya watu katika kila kilomita ya mraba. Macau na Monaco ziko juu, Mongolia inaburura mkia na watu wawili, Greenland haifiki hata mmoja. Mkimaliza dunia mnarudi Kenya, na hapo mmoja wenu anakata shauri: Marsabit ni tupu, sisi huku tunabanana, serikali iikate tugawiwe.

Tulieni kwanza. Namba zenyewe ni za kweli. Sensa ya 2019 iliipa Kenya watu 82 kwa kilomita ya mraba, Nairobi zaidi ya 6,200, Vihiga yenye vijishamba vyake zaidi ya 1,000, Marsabit 6. Lakini aliyezipata alichukua watu akawagawanya kwa eneo, akaishia hapo. Hakuuliza mvua inanyesha wapi. Misri inaonekana ina nafasi, kumbe karibu watu wake wote wamesongamana kando ya Nile na jangwa limejumlishwa tu. Wala msiniambie kubanana ndiko kunakoleta umaskini. Rwanda na Uholanzi zote mbili zimepita watu 500 kwa kilomita ya mraba, na hali za maisha yao mnazijua.

Kaunti yetu ya Uasin Gishu ilipata 343. Haya, tokeni hapa mwende kwa miguu mpaka mtaa wa Langas, si mbali. Hapa nyumba moja imekaa kwenye nusu ekari, ina ua wa michongoma, geti la chuma na mlinzi. Kule ploti moja ina vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari, kila mlango familia, bomba ni moja uani, na alfajiri mitungi ya manjano imeshapanga foleni wenyewe wakiwa bado ndani wanavaa. Ile 343 haimhusu mwenye geti wala mwenye mtungi.

Na neno hili "tupu" mnalolitamka kirahisi, sisi wa uwanda huu tunalijua. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka kuwapa Wayahudi makao hapa hapa Uasin Gishu, maili za mraba zipatazo 5,000. Wayahudi walikuwa wakiuawa Urusi, dhiki yao ilikuwa ya kweli, siwalaumu. Walituma wajumbe wakakagua, na mwaka 1905 mkutano wao wa Basel ukakataa. Lakini aliyetoa ahadi aliona nini? Aliona nyasi bila mashamba, akahesabu hakuna mtu. Wamaasai walikuwa wamelisha hapa mpaka waliposhindwa vitani karne ya 19, na Wanandi nao walikuwa na mifugo yao. Nyasi zile zilikuwa akiba. Mwaka huo huo wa 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akapigwa risasi na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, Wanandi wakasukumwa wakatengewa sehemu yao, na mwaka 1908 Makaburu wakafika na magari yao ya maksai. Mji huu ulizaliwa kwenye shamba namba 64 walilopimiwa walowezi.

Sisi tumeonja na upande wa pili. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, si mbali na hapa, lilichomwa moto wanawake na watoto wakiwa ndani. Kabla ya kiberiti yalitangulia maneno: hawa wamezidi, warudi kwao. Niliyasikia kwa masikio yangu. Ndiyo maana nikisikia kijana anasema kule hakuna watu, au hapa watu wamezidi, mwili unanisisimka. Mmoja anataka ardhi ya mwenzake, wa pili anataka mwenzake aondoke.

Marsabit mnayoiita tupu ilitoa ekari 150,000 kwa mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Wenyeji wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikasema hati zile hazikutolewa kwa kufuata sheria. Siupingi umeme, hata taa zetu zinauhitaji. Lakini mfugaji wa kule hulisha mahali mvua ilipoanguka, na isiponyesha huhama, kwa hiyo kilomita anayoiacha Januari ndiyo itakayomwokoa Agosti. Ukimhesabu siku moja, hiyo nyingine utaiona haina mwenyewe.

Basi wewe unayepigiwa simu na madalali wa viwanja vya Isiolo, jirani ya Marsabit, usitume pesa bado. Panda gari uende wakati wa kiangazi, ulale huko siku kadhaa. Uliza kisima ni cha nani na mifugo hupita njia gani kwenda kunywa. Kisha nenda ofisi ya ardhi ujue kama eneo hilo limeandikishwa kwa jamii kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kama ni ardhi ya jamii na bado haijaandikishwa, inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na huyo dalali, hata akikuonyesha karatasi yenye muhuri, hana cha kukuuzia.