Je, Mzee Ni Mzigo?

Neno hili lasikika mara nyingi vinywani mwa wazee: "Mimi ni mzigo tu, heri nife, watoto wapate kupumzika." Watu humjibu upesi, "Usiseme hivyo, babu," kisha hushika jembe na kwenda zao. Lakini yatupasa kuuliza: je, mzee huwa mzigo kwa kuwa nguvu zimemwisha, au kwa kuwa hakuna tena amngojeaye?

Katika jimbo la Veneto, nchi ya Italia, ilianzishwa kazi moja mwaka wa 1988. Wazee, wengi wao wa miaka wapata 80, walipewa chombo kidogo cha kuitia msaada saa yo yote. Tena mara mbili kila juma mtu aliwapigia simu ya mdomo kuwauliza hali zao. Mganga Diego De Leo na wenzake walichunguza habari za wazee 18,641 kwa muda wa miaka 11. Kwa hesabu ya watu wa umri ule katika jimbo lile, ilitazamiwa kwamba wapata 21 wangejiua. Waliojiua ni 6.

Tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo! Aliyepiga simu hakuwa mwana wala ndugu. Alikuwa mtu wa kazi tu, aliyefundishwa kuuliza na kusikiliza. Nasi twadhani nguvu yake haikuwa katika maneno. Mzee alijua ya kuwa siku fulani yuko mtu atakayetaka jibu lake, na asipoitika, huyo mtu atashtuka.

Walakini faida ile ilionekana kwa wanawake; kwa wanaume haikuwa dhahiri. Hapa twasema kwa mawazo yetu wenyewe: mzee mwanamume akiulizwa hali husema "njema", hata moyo ukiwa umevunjika. Huyu apelekewe shauri la mpaka wa shamba, au ndama mgonjwa, aulizwe lifanyweje. Na asiulizwe kwa kumbembeleza kama mtoto, maana atajua mara moja.

Wengine huogopa kumwuliza mzee waziwazi kama anafikiri kujiua, wasije wakamtia wazo hilo. Waganga wamelichunguza, wakaona sivyo. Mara nyingi aulizwaye hupata nafuu kwa kuwa hatimaye amesema. Tena huzuni nyingine ni ugonjwa hasa, nao hutibika hata katika uzee. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie tu, bila kumpeleka hospitali, ni ukatili, ijapokuwa husemwa kwa sauti ya upole.

Eliya naye aliomba afe, akalala chini ya mti. Hakukemewa. Aliguswa, akapewa mkate na maji, akaachwa alale tena, akaamshwa ale mara ya pili. Na mazungumzo marefu yalikuja baada ya siku arobaini.