Dinari ya Saa Kumi na Moja
Mimi ni karani wa mishahara, na mfano wa Yesu unaonikera kuliko yote ni ule wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Aliyeanza alfajiri na aliyeingia saa kumi na moja jioni wanalipwa sawasawa, dinari moja. Ningelipa hivyo mimi, mkaguzi wa hesabu asingenielewa.

Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith alieleza kwa nini ujira hutofautiana: karaha ya kazi, gharama ya kujifunza, uhakika wa ajira, amana anayopewa mtu, uwezekano wa kufanikiwa. Sina ugomvi naye. Lakini kwenye majalada yangu yumo mfagizi aliyeishia kidato cha pili kwa kukosa ada, na mhandisi aliyesomeshwa na mjomba wake. Cheti ni jasho la mhandisi, sawa. Na mjomba je, alimpata kwa jasho gani?

Wale wa jioni kwenye mfano nao hawakuwa wavivu, hakuna aliyewaajiri. Na dinari ilikuwa posho ya siku nzima: nusu yake ingewalaza watoto na njaa. Ila kesho yake, nani angedamka kwenda shambani? Padri wetu nilipomuuliza alicheka tu.