Amri, Ombi na Utakatifu: Mwamba wa Wyoming Mbele ya Dola Isiyo na Dini

Katika falsafa ya dini kuna swali la zamani linalouliza kama mahali huwa patakatifu kwa asili yake, au kama utakatifu hutoka kwa watu, wanaopatenga mahali hapo kwa ibada, kumbukumbu na miiko yao. Mircea Eliade, mwanahistoria wa dini mzaliwa wa Romania, alishikilia kwamba utakatifu hujidhihirisha wenyewe, na kwamba mlima, mti au jiwe lililopatwa na udhihirisho huo hutengana na ardhi nyingine yote pasipo binadamu kuamua hivyo. Ilhali Jonathan Z. Smith, msomi wa Kimarekani aliyempinga kwa hoja nzito, aliona kwamba ibada ndiyo inayotangulia, na kwamba hakuna mahali patakatifu mpaka watu wapashughulikie kwa namna ya pekee. Mjadala huo ungeweza kubaki vyuoni. Katika jimbo la Wyoming, hata hivyo, uliingia katika ofisi za serikali na hatimaye mahakamani, kwa sababu ya mwamba mmoja ulio mali ya dola ambayo katiba yake inaikataza kuwa na dini.

Wyoming, jimbo la milima ya Rocky lenye kilele kinachopita mita 4,200 na wakazi wachache kuliko jimbo lolote la Marekani, hupenda kujitambulisha kwa mambo yaliyoanzia kwake. Tarehe 10 Desemba 1869, likiwa bado himaya isiyopata hadhi ya jimbo, liliwapa wanawake haki ya kupiga kura, na mwaka uliofuata Esther Hobart Morris akateuliwa kuwa hakimu wa amani katika mji wa wachimba dhahabu wa South Pass City. Mwaka 1925 Nellie Tayloe Ross aliapishwa huko kuwa gavana wa kwanza mwanamke nchini humo. Hifadhi ya Yellowstone, ambayo sehemu yake kubwa imo Wyoming, ilitengwa na Bunge mwaka 1872 na kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Mwaka 1891 ilifuata hifadhi ya kwanza ya misitu ya shirikisho, inayoitwa leo Shoshone, na tarehe 24 Septemba 1906 Rais Theodore Roosevelt akautangaza mwamba wa Devils Tower kuwa kumbukumbu ya taifa ya kwanza, yaani eneo ambalo rais hulilinda kwa tangazo lake mwenyewe, bila kusubiri sheria mahususi ya Bunge.

Sifa hizo ni za kweli, lakini kila moja inategemea hesabu ilipoanzia. Wanawake wa makabila ya asili waliokuwa wakiishi Wyoming mwaka 1869 hawakuwa raia, na sheria iliyowapa uraia Wahindi Wekundu wote, kama Waswahili walivyozoea kuwaita wenyeji hao, haikupitishwa hadi mwaka 1924. Yellowstone nayo haikuwa nyika tupu. Watukudika, tawi la Washoshone lililowinda kondoo wa milimani, waliishi humo, nao waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1870, huku ikienezwa hadithi kwamba wenyeji waliziogopa chemchemi zinazorusha maji ya moto na kwa hiyo hawakuwahi kukaa karibu nazo, hadithi ambayo wachunguzi wa mambo ya kale wameikanusha kwa ushahidi mwingi. Fikra hiyo ya hifadhi isiyo na wakazi ilisafiri mbali: Wamaasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959 na kuhamishiwa Ngorongoro waliipokea kutoka mikononi mwa Waingereza, ingawa mfano wake ulikuwa wa Kimarekani.

Devils Tower umesimama kaskazini mashariki mwa jimbo, juu ya mto Belle Fourche, ukiwa na kimo cha mita 264 hivi kutoka kwenye kitako chake. Wanajiolojia husema kwamba ujiuji wa moto uliopanda kutoka ndani ya ardhi miaka milioni 50 hivi iliyopita uligandia chini kabla ya kufika juu, ukapasuka ulipokuwa ukipoa na kufanya nguzo ndefu zenye pande tano au sita, kisha mawe laini yaliyouzunguka yakamomonyoka na kuuacha wazi. Wakiowa husimulia habari nyingine. Dada saba walimkimbia kaka yao aliyegeuka dubu, wakapanda juu ya kisiki cha mti kilichoinuka kuwaokoa. Dubu akakikwaruza kwa kucha zake pande zote, nao dada wakachukuliwa mbinguni wakawa nyota saba za kundi la Dubu Mkuu. Walakota, Wacheyenne, Waarapaho, Wakrow na makabila mengine, yote pamoja yakipita ishirini, wana masimulizi na ibada zao zinazofungamana na mwamba huo, ambao wengi wao huuita nyumba ya dubu. Jina la shetani lililomo katika ramani lililetwa na msafara wa kijeshi wa Kanali Richard Irving Dodge mwaka 1875, na limewachukiza wenyeji tangu hapo.

Mwanafalsafa Vine Deloria Mdogo, aliyetoka katika jamii ya Standing Rock, alieleza katika kitabu chake *God Is Red* cha mwaka 1973 kwamba dini za makabila ya asili hujengwa juu ya mahali, ilhali Ukristo hujengwa juu ya wakati. Mkristo huulizwa lini Mungu alitenda, na tukio hilo laweza kuadhimishwa popote palipo na waumini. Mlakota huulizwa ni wapi, na jibu lake halihamishiki. Tofauti hiyo imechorwa kwa mstari mnene mno, kwa kuwa Yerusalemu na Makka zipo na mahujaji wanazijua, lakini inafafanua kwa nini Ngoma ya Jua, ibada ya kufunga na kujitoa inayofanyika wakati jua linapofikia kilele chake cha mwaka mwezi Juni, haiwezi kusogezwa uwanja mwingine ili kuwapisha watalii.

Watalii waliokuwa kikwazo si wale wa kupiga picha. Nyufa zilizonyooka kati ya nguzo za Devils Tower zimeufanya kuwa mmoja wa miamba inayotamaniwa sana na wapanda miamba duniani. Tarehe 4 Julai 1893 William Rogers na Willard Ripley waliupanda kwa ngazi ya vigingi vya mbao vilivyopigiliwa katika ufa. Mwaka 1937 Fritz Wiessner na wenzake walifika juu kwa kamba na mbinu za kisasa. Na baada ya miaka ya 1970 wapandaji wakawa maelfu kila mwaka, wakipaza sauti za kuitana juu ya vichwa vya watu waliokuwa chini wakifunga, wakisali na kuning'iniza vitambaa vya maombi mitini. Mwaka 1995 Idara ya Hifadhi za Taifa ilitoa mpango uliowaomba wapandaji wajizuie kwa hiari mwezi wote wa Juni, na ukaongeza kwamba waongozaji wa kulipwa hawatapewa vibali katika mwezi huo.

Hapo ndipo katiba ilipohojiwa. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yana vifungu viwili juu ya dini, kimoja kikiikataza serikali kuanzisha au kupendelea dini, na kingine kikiikataza kuzuia watu kuifuata dini yao, na ugumu wake ni kwamba anayetekeleza kimoja kwa bidii huenda akakivunja cha pili. Mwaka 1988, katika shauri la *Lyng* lililohusu barabara ya msituni huko California, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba barabara ingeharibu vibaya ibada za makabila matatu, lakini ikaamua kwamba serikali haizuiwi kutumia ardhi iliyo yake. Uamuzi huo ulikuwa mkavu kupita kiasi. Uliichukulia imani kuwa jambo la moyoni tu, ambalo haliguswi mradi mwamini hashurutishwi kuamini vingine, kana kwamba kila dini ni ya Kiprotestanti.

Wapandaji kadhaa na mwongozaji mmoja walifungua shauri dhidi ya mpango wa Devils Tower. Mwaka 1996 Jaji William Downes alisimamisha katazo la vibali vya kibiashara, kwa kuwa lilikuwa shuruti, na Idara ikaliondoa. Mwaka 1998 akaamua kwamba ombi la hiari ni halali, kwa sababu huondoa kikwazo mbele ya ibada ya watu bila kumlazimisha mtu yeyote kushiriki. Mahakama ya Rufaa ilikubali matokeo hayo mwaka 1999, ikisema kwamba walalamikaji hawakuwa na sifa ya kushtaki, kwani hakuna aliyewazuia kupanda.

Mtu anaweza kuliona ombi kama amri iliyokosa meno, lakini hukumu ya Jaji Downes ina mizizi ya kifalsafa iliyozama zaidi kuliko pengine alivyokusudia mwenyewe. John Locke, katika waraka wake juu ya uvumilivu wa dini uliochapishwa mwaka 1689, alidai kwamba nguvu za dola haziwezi kuzaa imani, kwa kuwa imani ya kulazimishwa si imani. Na wanafikihi wa Kiislamu, kwa njia nyingine kabisa, wamefundisha kwamba ibada hutimia kwa nia. Tukiyatumia mafundisho hayo kwa asiyeamini, inaonekana kwamba mpandaji anayekaa chini mwezi wa Juni kwa kuogopa faini hajauheshimu mwamba wala wanaousujudia, bali ameiheshimu faini. Na anayekaa chini kwa kuombwa ametenda jambo lisilo ibada na lisilo utii, ambalo falsafa ya siasa haijalipatia nafasi ya kutosha. Juni ya kwanza wapandaji walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Hawakuwa wameongoka.

Hoja hiyo, hata hivyo, inamwendea vizuri zaidi anayeombwa kuliko anayeomba. Kwa Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, nchi inayouzunguka mwamba ilitambuliwa kuwa ya Wahindi, ambayo hawakuwa wameitoa kwa yeyote. Sheria ya mwaka 1877 ikaifuta hadhi hiyo pamoja na kuitwaa milima ya Black Hills, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikakiri kwamba Walakota na ndugu zao wanastahili fidia kwa milima hiyo, fidia ambayo wameikataa kwa kuwa wanataka ardhi yenyewe. Kanisa kuu huwa na milango, na mwenye funguo haombi mtu asiparamie kuta zake. Ombi la hiari linaonekana ungwana kwa sababu swali la mmiliki limekwisha kuwekwa kando, na hapo ndipo uvumilivu wa Locke unapopwaya, kwa kuwa uliandikwa kwa ajili ya watu waliogombania madhehebu huku kila mmoja akiwa na paa lake la kusalia.

Magharibi zaidi, juu ya milima ya Bighorn, karibu mita 2,940 juu ya usawa wa bahari, kuna duara la mawe lenye mishororo 28 inayotoka katikati, ambalo makabila mengi hulitumia kwa maombi. Huko serikali imekwenda mbele kuliko ombi: mgeni huacha gari mbali na kutembea zaidi ya kilomita mbili, na ibada inapofanyika husubiri mpaka imalizike. Kampuni ya mbao iliyoupinga mpango huo ilishindwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2004, na sababu ikawa ileile, kwamba haikuwa na sifa ya kushtaki. Mara mbili, basi, mahakama hiyo imeamua ni nani asiyeweza kuuliza, na haijasema kama dola isiyo na dini inaruhusiwa kukiri kwamba kipande cha ardhi yake ni kitakatifu. Wakati huohuo wapandaji wa Juni katika Devils Tower wameongezeka tena miaka ya karibuni, na Idara ya Hifadhi inaendelea kuwaomba upya.