Mgeni Aliyelipia Kila Kitu

Neno "safari" tumewapa walimwengu bure, nao wamelichukua nusu. Kwetu safari ni mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda pale: kumpeleka mgonjwa hospitali, kwenda kuzika Muleba, kupanda basi la alfajiri kwenda Mwanza. Katika lugha za Ulaya safari ni jambo moja tu, kwenda kutazama wanyama wa Afrika. Na ile inayoitwa ya kifahari ni ya hema lenye bafu la maji moto, mvinyo baridi, na mpishi aliyeulizwa mapema ni chakula gani mgeni hapendi. Serengeti ziko kambi ambako usiku mmoja humgharimu mtu dola elfu moja na zaidi. Nimejiuliza mara nyingi, hasa tangu baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wapate kazi huko, mtu huyo anarudi kwao na nini. Simaanishi picha. Namaanisha kitu cha kumfanya aseme, miaka kumi baadaye, kwamba safari ile ilikuwa na maana katika maisha yake.

Wapo watakaosema hilo ni swali la matajiri, basi na wajijibu wenyewe. Sikubaliani nao. Chini ya swali hilo kuna lingine ambalo ni letu sote: je, kupokelewa kunaweza kununuliwa?

Sisi wa Kitendaguro hatuko katika njia kuu ya watalii. Twiga wa Serengeti yuko mbali nasi, na mbuga zetu za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilipewa hadhi ya hifadhi za taifa mwaka 2019 tu. Lakini mkoa huu ulipokea wageni wa mbali zamani sana, na habari zao zimeandikwa. Hebu, ndugu msomaji, tuwatazame wawili kati yao kabla ya kurudi kwa hawa wa leo.

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Walikuwa wamechoka. Kule Usui, Mtemi Suwarora alikuwa amewakamua hongo ya nguo, shanga na waya hadi wakakaribia kukata tamaa. Walipokaribia Karagwe mambo yakageuka. Mfalme Rumanyika aliwatuma watu wake kuwalaki, akawalisha njiani, na walipofika kwake akawapa mkono na kuanza kuwauliza maswali mengi kuhusu dunia. Wote wawili walimsifu katika vitabu vyao.

Lakini hawakupokelewa kwa namna moja. Speke alikuwa na haraka ya kufika Buganda. Katika siku alizokaa, mojawapo ya mambo aliyoyafanya, na aliyoyachapisha mwenyewe mwaka 1863, ni kumpima kwa utepe mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, mmoja wa wale walionenepeshwa kwa maziwa: mkono, kifua, paja, vyote kwa inchi. Mama yule alikuwa mwenyeji wake. Sidhani kama Speke aliona ajabu yoyote katika jambo hilo. Alikuwa amekuja kuona na kupima, na huyo naye alikuwa kitu cha kuonwa.

Grant alikuwa mgonjwa. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, hata kusimama hakuweza. Januari 1862 Speke akaenda zake Buganda, Grant akabaki mikononi mwa watu wa Karagwe kwa zaidi ya miezi mitatu. Waganga wa huko walimjaribia dawa zao. Mfalme aliulizia hali yake. Yeye alichora picha, akakusanya mimea, akatazama watu wakipita na kurudi, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Aliondoka Aprili akiwa amebebwa kwenye machela. Hata Julai mwaka huo, Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani, Grant hakuwepo. Alikuwa ametumwa upande wa Bunyoro. Kwa hesabu ya kitalii Grant alipata hasara kubwa. Alisafiri maelfu ya maili na kivutio chenyewe hakukiona.

Hata hivyo, ukiniuliza nani kati yao alikuwa mgeni wa Karagwe, nitasema Grant bila kusita. Sisemi alikuwa malaika. Miaka michache baadaye, 1868, alikwenda na jeshi la Waingereza kupigana Uhabeshi. Nasema tu kwamba kwa miezi mitatu alihitaji watu, na watu wakajua kwamba anawahitaji. Mwenye nyumba angeweza kumnyima. Hapo ndipo ugeni unapoanzia, na ndilo jambo ambalo safari ya kifahari imetumia akili nyingi sana kuliondoa.

Kwa desturi ya Wahaya mgeni akiketi huletewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, katika kikapu kidogo. Bei yake ni ndogo sana. Lakini huwezi kuitafuna umesimama, wala huwezi kuitafuna kimyakimya. Itabidi uulizwe umetoka wapi, habari za huko, nani amekufa, nani amezaa. Zamani buni mbili za tunda moja ndizo zilizotumika katika omukago, udugu wa kuchanjiana damu. Kahawa ile, basi, ilimweka mgeni chini ili aulizwe. Mgeni asiyeulizwa kitu hajapokelewa bado, hata akilazwa juu ya kitanda cha pembe za ndovu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba kila binadamu ana haki ya kuzuru nchi ya mwenzake bila kutendewa kama adui, lakini haki ya kuwa mgeni ni jambo jingine, hilo linahitaji mapatano maalumu ya urafiki. (Yeye mwenyewe hakusafiri mbali na mji wake, yamkini ndiyo maana alipata nafasi ya kufikiri juu ya safari.) Aliwashutumu pia Wazungu wa wakati wake waliofika nchi za wengine na kuwahesabu wenyeji kuwa si kitu. Mtalii wa kifahari ameununua ule uzuru, tena kwa risiti. Mapatano ya urafiki hayamo katika risiti ile, ingawa mhudumu amefundishwa kumwambia "karibu nyumbani" huku akimpa kitambaa chenye unyevu cha kufutia uso.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa karibu na barabara ya Mutukula. Magari ya watalii waliotoka Uganda yalipita pale, na mara kwa mara moja lilisimama. Mwongozaji alikuja ofisini kuomba watoto watoke waimbe. Wageni wangepiga picha, wangetoa kalamu, wangeondoka baada ya dakika ishirini. Hesabu ya darasa la sita ingesubiri. Nilimwambia mwongozaji wa kwanza kwamba wageni wanakaribishwa, ila hapa ni shule, na shuleni watu huuliza maswali. Watakaa mbele ya darasa la sita nusu saa, watoto watauliza, yeye atatafsiri. Kisha, muda ukibaki, tutaimba. Baadhi yao waliondoka. Wengine walikubali.

Maswali ya watoto hayakuwa na adabu ya kitalii. Una ng'ombe wangapi? Shamba lako nani analilima sasa? Mbona umri huu huna mtoto? Siku moja msichana mmoja alimuuliza mzee mrefu wa Kiingereza, mwenye nguo nzuri sana za rangi ya vumbi: "Mama yako yuko hai?" Akajibu yuko hai, ana miaka tisini. "Sasa hivi nani anamtunza?" Mwongozaji alisita kutafsiri. Nikamwambia tafsiri. Mzee yule alinyamaza muda, akaeleza kwamba mama yake anaishi katika nyumba ya wazee, kwamba watu wa pale ni wema, na kwamba yeye humtembelea Krismasi. Watoto walimsikiliza kwa makini. Hawakumcheka, waliona habari hiyo ni ya msiba, wakampa pole. "Pole, babu," darasa zima, kwa sauti moja kama walivyozoea kusalimia. Mzee alitoa leso.

Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua kwa anwani ya shule. Haikutaja simba hata mmoja. Sitaieleza zaidi kwa sababu mengine ni ya familia yake.

Maana aliyoipata mtu yule, naam, haikutokana na starehe, wala haikutokana na kunyimwa starehe. Silaumu kitanda kizuri. Sisi wenyewe mgeni tunampa kitanda kilicho bora na sisi tunalala mkekani. Ninacholaumu ni starehe inayomficha mwenyeji, ili mgeni asije akamwona hata mtu mmoja mwenye haki ya kumuuliza swali.

Na wenyeji wamefichwa kweli, hata nje ya mahema. Mgeni huambiwa anaingia katika pori lisiloguswa. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro. Tangu 2022 familia za Wamaasai wa Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Kisiwani Rubondo, kusini yetu ziwani, watu waliokuwa wakiishi huko walihamishwa. Sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya wakaachiliwa msituni kati ya 1966 na 1969, na mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Ninapenda kwamba sokwe wale walitolewa vizimbani. Ninapenda pia kwamba wapo. Sikuandika haya kupinga hifadhi. Lakini mgeni anayetembea Rubondo bila kuambiwa kwamba miti ile imeota juu ya mashamba ya watu, na kwamba wanyama anaowatafuta wazee wao walikuja kwa meli, huyo ameonyeshwa picha tu. Mwambie, naye atatembea kwa namna nyingine. Huenda asipendezwe. Hiyo pia ni maana.

Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini kama utalii unapatana na ujamaa. Sisi tuliokuwa tukijiandaa kwa ualimu tuliufuata kwa hamu. Walihofia kwamba tutakuwa taifa la wahudumu. Wakati ule niliona wanazidisha chumvi, na kuhusu fedha bado naona hivyo; mshahara wa kambini umesomesha watoto wengi kuliko makala zote za mjadala ule. Kuhusu tabia ya kuhudumu hawakukosea sana.

Nilimweleza mawazo haya kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa anaongoza watalii upande wa Serengeti. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Mwalimu, shikamoo yako naipokea, lakini hesabu hujaimaliza. Wewe darasani ulikuwa na mshahara wa serikali. Mgeni akikasirika, anaondoka, wewe unabaki na chaki yako. Mimi nusu ya riziki yangu ni tipu. Nikimuuliza mtu mama yake yuko wapi, na swali likamchoma, watoto wangu ndio watakaolipa."

Nilimwambia shikamoo hutoa yeye, mimi huipokea, tukacheka. Lakini kwa hesabu yake alikuwa sahihi, na nimeifikiria tangu siku hiyo. Tukitaka mgeni apate anachokitafuta, aanze kulipwa vizuri yule anayempokea, kwa mkataba, mwezi kwa mwezi, iwapo mgeni amefurahi au hakufurahi. Bakshishi ibaki zawadi ya kuagana. Kampuni inayotoza dola elfu moja kwa usiku inaweza kulimudu hilo. Hadi hapo itakapofanya hivyo, sina haki ya kumtaka kijana yule aulize swali ambalo mimi niliwaachia watoto wa darasa la sita waulize nikiwa nimeketi salama nyuma ya meza yangu.