Futari, Daku na Suala la Mama Mmoja

 

Ndugu zetu Waislamu, Ramadhani iliyopita, katika darsa yetu ya baada ya alasiri, tuliletewa kikaratasi kutoka upande wa wanawake. Mwenye kukiandika hakutaja jina lake. Aliuliza hivi: mwanamke aingiaye jikoni tangu adhuhuri, asitoke mpaka adhana ya magharibi, kisha akaosha vyombo hata tarawehe zikamalizika, naye hajafungua Msahafu tangu mwezi kuandama, je, ana fungu gani katika mwezi huu?

Tulinyamaza kitambo, kwani kila mmoja wetu alilijua sinia lililokuwa likimngoja nyumbani kwake.

Jawabu letu la kwanza ni la kumtuliza moyo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata thawabu mfano wa zake, wala za mfungaji hazipunguki kitu. Basi mama awafuturishaye watu wa nyumba nzima, akinuia kwa hayo radhi za Mola wake, hakukosa fungu; na huenda fungu lake likawa kubwa kuliko letu sisi tuliolala tukingoja adhana.

Lakini jawabu la pili latuelekea sisi wanaume. Ni nani aliyemfunga mama huyu jikoni? Si Mwenyezi Mungu, wala si Mtume wake. Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Mtume akifuturu kabla ya kusali kwa tende mbivu laini, asipozipata, kwa tende kavu, na asipozipata hizo, kwa mafunda machache ya maji. Hiyo ndiyo futari ya mbora wa viumbe. Yetu sisi ni uji na kaimati, sambusa na bajia, muhogo wa nazi na mbaazi, tambi na viazi vitamu, mkate wa mayai na samaki wa kupaka. Na kikikosekana kimoja, uso wa mwenye nyumba hukunjamana.

Hatusemi kuwa vyakula hivi ni haramu. Ni neema, na mwenye neema hushukuru. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Suratul Aaraf aya ya 31, imetupa ruhusa ya kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Na israfu ya futari haiishi tumboni. Hufika kwenye daftari la mwenye duka, deni likakua mwezi mzima, hata sikukuu ikikaribia mtu aona uzito kutoa pishi moja ya chakula kwa kila kichwa katika nyumba yake, nayo ni haki ya maskini.

Tena tujiulize: twajilipizia nini? Sisi wa pwani hii tuko karibu na ikweta. Mfungo wetu ni wa saa 13 na kitu, masika na kaskazi. Ndugu zetu wakaao kaskazini ya Ulaya, Ramadhani ikiwaangukia wakati wa joto, hufunga saa 18 na zaidi. Basi kwa nini sisi tuliofanyiwa wepesi tule kana kwamba tumetoka jangwani?

Kisha tutazame daku. Mwenye kushiba futari mpaka akatweta hana hamu ya daku. Hula saa 6 za usiku, akalala, na sala ya alfajiri ikampita. Naye Mtume ametufunza kuwa katika daku mna baraka, na kwamba ndilo lipambanualo mfungo wetu na mfungo wa Watu wa Kitabu. Zaid bin Thabit (R.A.), aliyekula daku pamoja naye, aliulizwa muda uliokuwapo baina ya daku na sala, akajibu kuwa ni kadiri ya kusoma aya 50. Huo ni muda mchache. Daku la Sunna liko mlangoni pa alfajiri, na mwenye kuliamkia hukuta na sala ikimngoja.

Basi twashauri mambo manne. Tufungue kwa tende na maji, tukasali magharibi, kisha tule chakula cha namna moja au mbili. Kilichobaki kiwe daku. Ziada ipelekwe kwa jirani kabla ya adhana, si baada ya sisi kushiba, kwani Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Mtume kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji, awakumbuke majirani. Na la nne, mwanamume ainuke. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Ni nani katika sisi aliye na heshima kuliko yeye, hata aone haya kuosha sufuria?

Nasi hatutaki kuwa watu wa kusema tusilolitenda. Futari ya darsa yetu, Mungu akitufikisha Ramadhani ijayo, itakuwa ni tende, maji na uji, kisha sala, kisha chakula cha namna moja. Na vyombo tutaosha sisi wanaume.

Nawe mama uliyetuuliza, utuwie radhi kwa kuwa ilibidi utuandikie ndipo tuone. Twamwomba Mwenyezi Mungu aipokee kazi ya mikono yako, aupunguze moshi wa jiko lako, na akupe wasaa wa Msahafu wako kabla jua halijatua. Amin.